Bei ya haki ya komiki: kati ya mnunuzi anayeharakisha na rafiki anayesema "taja wewe"

"Shikamoo mtaalamu. Marehemu mjomba wangu ameniachia maboksi mawili ya komiki, jumla yake 312. Nyingi ni za miaka ya 1990, lakini zipo kama 40 za miaka ya 1970, na mojawapo ni The Incredible Hulk namba 181. Nilipoitafuta mtandaoni niliona watu wanaiuza kwa bei ya kutisha. Yupo mnunuzi aliyekuja kuutazama mzigo. Alipekua kama dakika kumi, akataja bei moja kwa maboksi yote mawili, na bei hiyo haifiki hata robo ya niliyoiona mtandaoni kwa Hulk peke yake. Anasema hiyo ndiyo bei ya haki na anataka jibu wiki hii. Upande mwingine, rafiki yangu wa siku nyingi ana komiki tatu ninazozitaka, naye kaniambia 'taja bei wewe'. Naogopa kupunjwa, na naogopa kumpunja. Je, kipo kitabu chenye bei za kweli? Na je, nizisafishe kwanza na kubandika selotepu zilizochanika, au nizipeleke zote zikapewe daraja kabla ya kuuza?"

Marahaba, na pole sana kwa kuondokewa na mjomba. Kabla sijasema lolote juu ya bei: weka selotepu chini. Usifute madoa, usibandike, usinyooshe kwa pasi, usichomoe pini zenye kutu. Sababu nitaieleza mbele, ila hili lisisubiri, kwa sababu kosa la jioni moja linaweza kuondoa nusu ya thamani ya karatasi iliyotunzwa kwa miaka 50.

Umeuliza mambo mengi, lakini naona wasiwasi ni mmoja: bei inakuwaje ya haki pale mmoja anapojua kuliko mwenzake? Mbele ya mnunuzi, wewe ndiye usiyejua. Mbele ya rafiki yako, huenda wewe ndiye unayejua zaidi. Ni vizuri kwamba umeogopa pande zote mbili. Wengi huogopa upande mmoja tu.

Tuanze na Hulk, maana ndiyo inayoamua karibu kila kitu hapa. Namba 181, yenye tarehe ya Novemba 1974 kwenye jalada, ndiyo komiki ambamo Wolverine, yule shujaa mwenye makucha ya chuma, anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza. Katika namba 180 alichungulia tu kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo ni kweli inatafutwa sana. Sasa ifungue taratibu, mikono ikiwa mikavu, komiki ikiwa imelala mezani, uende kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Kati ya 1974 na 1976 Marvel, wachapishaji wake, walikuwa wakichapa humo stempu ndogo za kukata na kukusanya, na watoto wa wakati ule walifanya walichoambiwa: walichukua mkasi wakakata. Hulk 181 iliyokatwa stempu ni kitu tofauti kabisa sokoni na iliyo nayo, hata kama majalada yake yanafanana kama mapacha. Pengo lile dogo kwenye ukurasa wa ndani linaweza kushusha bei hadi nusu au chini zaidi. Mnunuzi aliyepekua kwa dakika kumi ama aliliona ama hakuliona, na wewe huwezi kuijadili bei yake mpaka uwe umeliangalia mwenyewe.

Hapo ndipo penye mzizi wa jibu lote. Tunazoea kusema "Hulk 181 ina bei gani", kana kwamba bei imeandikwa juu ya jina. Kinachouzwa ni nakala moja: hii iliyo mkononi mwako, yenye kona hizi, pini hizi, kurasa hizi. Nakala mbili za toleo moja zinaweza kupishana bei mara ishirini na zote mbili zikawa zimeuzwa kwa haki.

Ulichokiona mtandaoni, kwa maelezo yako, ni bei zinazoulizwa. Mtu yeyote anaweza kuuliza bei yoyote, na komiki iliyotajwa bei ya juu kupita kiasi ndiyo inayobaki pale miezi na miezi, ikionwa na kila anayetafuta, huku zilizotajwa bei nzuri zimeshanunuliwa na kutoweka. Ndiyo maana mgeni wa soko hili karibu siku zote huanza na picha iliyovimba. Tafuta bei zilizolipwa. Kwenye eBay kuna kichujio cha kuonyesha bidhaa zilizouzwa tayari, kiwashe. Nyumba za mnada kama Heritage huweka wazi matokeo ya minada yao ya nyuma. Chukua mauzo sita au saba ya karibuni ya nakala zenye hali kama ya kwako, weka kando iliyouzwa juu kuliko zote na iliyouzwa chini kuliko zote, kisha uangalie zilizobaki zimesongamana wapi. Hapo ndipo soko lilipo.

Uwe macho na mambo matatu unapozisoma bei hizo. La kwanza ni tarehe. Mwaka 2020 na 2021 bei za komiki zilipanda kwa kasi watu walipokuwa wamefungiwa nyumbani, kisha nyingi zikashuka. Anayekutajia bei ya 2021 leo, awe muuzaji au mnunuzi, anakutajia bei ya soko lililokwisha. La pili ni ada: katika nyumba za mnada mnunuzi hulipa nyongeza juu ya bei ya nyundo, yaani ile iliyofungia mnada, mara nyingi karibu asilimia 20, na matokeo yanayotangazwa kwa kawaida yamejumlisha nyongeza hiyo. Muuzaji haioni hata senti yake. La tatu, kwenye eBay muuzaji anapokubali bei aliyopendekezewa na mnunuzi, unachokiona wazi mara nyingi ni ile bei ya awali tu, imepigwa mstari. Usiihesabu.

Vitabu vya bei vipo, ndiyo. Cha Overstreet kimekuwa kikitoka tangu 1970 na kwa miongo mingi kilikuwa ndicho msahafu wa wakusanyaji. Bado nakishika kila ninapotaka kujua toleo fulani lina nini ndani, nani alichora, na namna thamani inavyopanda kutoka daraja hadi daraja. Lakini kitabu huchapwa mara moja kwa mwaka na soko hutembea kila siku. Kitumie kujifunza, na bei ya leo uichukue kwenye mauzo ya leo.

Sasa hizi za miaka ya 1990, ambazo najua umezihesabu kwa matumaini. Hapa sitapamba maneno. Wengi huamini komiki ikizeeka inapanda bei, na imani hiyo ndiyo iliyoziua bei za kizazi kile kizima. Action Comics namba 1, ile ya Juni 1938 iliyomtambulisha Superman, iliuzwa senti 10. Watoto waliisoma, wakaazimana, wakaichana, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi nyingi zikakusanywa kwenda kusagwa upya. Leo inakadiriwa zimebaki kama nakala 100 hivi, na mwaka 2024 nakala yenye hali ya daraja la 8.5 kati ya 10 ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Watu wa miaka ya 1990 walizisikia habari za namna hiyo wakaamua kuwa werevu: walinunua komiki mpya kwa maboksi, wakazifunga kwenye plastiki bila kuzisoma, wakangoja utajiri. X-Men namba 1 ya 1991 ilitoka na majalada matano tofauti na kuagizwa nakala zaidi ya milioni 8. Superman namba 75, ile ya kifo chake, iliyotoka mwishoni mwa 1992, nayo ilichapwa kwa mamilioni. Kila mtu alitunza, kwa hiyo kila mtu anayo. Uchache ndio uliozipa thamani zile za zamani, na uchache ule ulitokana na watu kutozithamini.

Kwa hiyo mnunuzi anapokuambia sehemu kubwa ya maboksi yako haina soko, kuna uwezekano mkubwa anasema kweli. Zipo chache za miaka hiyo zinazotafutwa, hasa ambamo mhusika aliyekuja kupendwa anaonekana mara ya kwanza, kama New Mutants namba 98 ya 1991 yenye Deadpool. Zipekue moja moja kwa namba zake kabla hujauza. Ila usijenge bajeti juu yake.

Turudi kwenye hali ya nakala, maana ndipo pesa zinapohama. Soko hutumia kipimo cha kuanzia 0.5 hadi 10. Komiki ya 9.8 karibu haina dosari unayoweza kuiona kwa jicho, ya 8.0 imeguswa kwa heshima; ya 6.0 imesomwa na mtu mwangalifu, ya 4.0 imesomwa na familia, ya 2.0 imechoka lakini imekamilika. Kati ya madaraja hayo bei haipandi kwa hatua sawasawa. Huku chini inapanda polepole, na ukikaribia kileleni inaruka. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, ambamo Spider-Man alizaliwa, iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021 ikiwa na daraja la 9.6. Nakala zilizochakaa za toleo hilohilo huuzwa kwa makumi ya maelfu. Wino ni uleule na hadithi ni ileile, tofauti ni mikono iliyozishika.

Kuisoma hali ya nakala kunahitaji mwanga mzuri na subira. Ilaze mezani, kisha uielekeze mwanga wa taa kutoka ubavuni, si kutoka juu, ili mikunjo itoe kivuli. Angalia mgongo kwanza: vile vistari vidogo vinavyokatiza rangi na kuacha weupe hushusha daraja kimoja kimoja. Tazama kona, kama bado zina ncha au zimekuwa duara. Tazama pini kama zina kutu na kama kutu imehamia kwenye karatasi. Fungua katikati uone kama karatasi ya kati bado imeshikwa na pini zote mbili. Hesabu kurasa. Nusa pia, maana harufu ya uvundo haitoki kwenye picha na mnunuzi wa mbali atakurudishia mzigo kwa ajili yake. Rangi ya kurasa inatokana na kemia: karatasi ya bei rahisi iliyotumiwa zamani ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake kuna lignini, ambayo ikikutana na hewa na mwanga hugeuka asidi na kuila karatasi kutoka ndani. Nyeupe hugeuka krimu, krimu hugeuka kahawia, na mwishoni karatasi hukatika kama jani kavu. Hatua hiyo ya mwisho hairudi nyuma kwa dawa yoyote utakayoipaka nyumbani.

Nikupe kanuni ninayoitumia mimi mwenyewe baada ya miaka mingi: komiki yangu ninayoiuza, daraja nililoliona kwanza nalishusha kidogo. Jicho la mwenye mali lina upendo ndani yake. Kona ninayoiita "imeguswa kidogo" kwenye nakala yangu, kwenye nakala ya mwenzangu naiita "imepondeka". Ukishusha mapema, mnunuzi akiipokea atafurahi, na atarudi.

Ndipo tunafika kwenye selotepu. Gundi yake huingia kwenye nyuzi za karatasi na baada ya miaka huacha doa la njano lisilotoka. Hilo ni la kwanza. La pili ni kubwa zaidi: kurekebisha kokote kunakoongeza au kuondoa kitu, kama kupaka rangi mahali palipochubuka, kuziba tundu kwa karatasi nyingine, au kukata kingo ziwe zimenyooka, kunahesabiwa kuwa ukarabati. CGC, kampuni ya kukagua komiki na kuzipa daraja iliyoanza kazi mwaka 2000, huzipa nakala za namna hiyo lebo ya zambarau badala ya ile ya buluu ya kawaida, na wakusanyaji wengi huzilipa bei ndogo sana au hawazitaki kabisa. Mpasuko wa asili una bei inayojulikana. Mpasuko uliofichwa una bei ya mashaka, na mashaka ndiyo ghali kuliko vyote. Kuna kazi ya kukandamiza mikunjo kwa joto na unyevu mdogo ambayo soko limeikubali na haihesabiwi kuwa ukarabati, lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine na uzoefu. Pasi ya nguo itaziunguza.

Ukijua mjomba aliwahi kurekebisha yoyote, sema kabla hujaulizwa. Na wewe unaponunua, uliza kwa maneno haya haya: "Kuna chochote kilichorekebishwa, kilichobandikwa au kinachokosekana?" Muuzaji mwema hatakasirika.

Tuje kwa mnunuzi wako. Naelewa ilivyokuuma kusikia bei ile, lakini usimwite mwizi bado. Tuseme soko la rejareja linailipa komiki fulani 100. Akiiuza mtandaoni, ada itakula zaidi ya asilimia 10. Kuna kufungasha, kuna posta, kuna mnunuzi mmoja kati ya kadhaa atakayelalamika na kurudishiwa pesa. Pia kuna muda: komiki maarufu itaondoka wiki hii, lakini zile 270 za kawaida atazipiga picha, atazipanga na kuzihifadhi miaka, na nyingine hataziuza kamwe. Anayenunua mzigo mzima anakununulia na usumbufu. Kwa uzoefu wangu, mfanyabiashara mwaminifu anaweza kutoa 60 hadi 80 katika kila 100 kwa komiki inayotafutwa na inayouzika haraka, na akatoa 10 au 15 kwa zile za kawaida, au asizitake kabisa. Viwango vyote viwili ni vya haki.

Shida ya bei moja kwa maboksi yote ni kwamba inavichanganya viwango hivyo, na Hulk yako inaweza kumezwa humo humo ikalipwa kama zile za kawaida. Kwa hiyo mrudie umwombe kitu kimoja: ataje bei ya Hulk peke yake, bei ya zile nyingine za miaka ya 1970 kama kundi, na bei ya zilizobaki. Mwenye nia njema ataweza, kwa sababu alipopiga hesabu yake kichwani alizitenga hivyo hivyo. Akikataa kuzitenga, hilo nalo ni jibu. Vivyo hivyo haraka yake. Karatasi iliyongoja tangu 1974 inaweza kungoja mwezi mmoja zaidi. Tarehe ya mwisho aliyokuwekea inamfaa yeye.

Mnunuzi kutoa bei ya chini kwa sababu ana gharama sikuoni kuwa dhuluma. Dhuluma ni kuiona stempu ipo, kuujua uzito wake, kisha kukuambia "hizi zote ni karatasi tu". Niliwahi kununua boksi kwa mzee mmoja, nikalipa alichotaka, nikafika nyumbani na kukuta katikati ya majarida yaliyolowa toleo ambalo wala yeye wala mimi hatukuliona pale. Sikulala vizuri. Asubuhi nilimrudishia sehemu ya tofauti. Wapo wenzangu wanaosema nilikosea, kwamba bahati ni sehemu ya kazi na mzee alikuwa ameridhika. Naheshimu hoja yao kwa kitu ambacho hakuna aliyekijua. Lakini anayejua na kunyamaza mbele ya mfiwa asiyejua, huyo simtetei.

Unazo njia tatu za kuuza, na hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Ukimuuzia mfanyabiashara, unapata pesa kidogo leo na nyumba inabaki na nafasi. Ukiuza mwenyewe moja moja, unapata zaidi kwa kila komiki, lakini jihesabie saa zako: kupiga picha 300 vizuri, kujibu maswali na kufungasha ni kazi ya miezi. Mnada unafaa kitu kinachogombaniwa, maana bei huamuliwa na watu wawili wanaokitaka kwa nguvu. Ukipeleka cha kawaida, anaweza kujitokeza mmoja tu, naye akakichukua kwa bei ya kutupa. Mimi ningechanganya. Hulk, ikiwa imekamilika, ningeiuza peke yake kwa njia inayonipa muda. Za miaka ya 1970 ningezigawa kwa makundi kufuata mfululizo wake, maana wanaokamilisha mifululizo hulipa vizuri. Zilizobaki ningemwachia mfanyabiashara kwa mkupuo bila kinyongo.

Kuhusu kuzipeleka zote zikapewe daraja: hapana. Kampuni kama CGC na CBCS hutoza kila komiki, na bado kuna posta ya kwenda na kurudi, bima na kungoja. Piga hesabu hivi: bei ya nakala ikiwa na daraja rasmi, toa bei yake ikiwa bila daraja, toa gharama zote. Kama kinachobaki ni kidogo au hasi, usiipeleke. Kwa za kawaida za miaka ya 1990 utalipa zaidi ya thamani ya komiki yenyewe. Kwa Hulk ni tofauti, kwa sababu daraja rasmi linamaliza ubishi wa stempu, ukarabati na hali kwa mkupuo, na mnunuzi wa mbali analipa akiwa na amani. Na siku ukinunua iliyokwisha kupewa daraja na kufungwa na kampuni kwenye kikasha cha plastiki, ihakikishe namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, ulinganishe picha, na ukikague kikasha chenyewe. Vimewahi kugundulika vikasha vilivyofunguliwa na nakala ya ndani kubadilishwa kwa iliyo duni.

Neno kidogo juu ya nakala za kurudiwa, kwa kuwa unataka kununua pia. Matoleo mengi maarufu yamechapwa upya, mengine kwa jalada lilelile. Mwaka 1974 DC, wachapishaji wa Superman, walichapa upya Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa, ikiwa na jalada la nje linalosema wazi kuwa ni ya kurudiwa. Watu wakalitoa jalada lile la nje na kuwauzia wengine kilichobaki kama cha 1938. Ukubwa wake unaisaliti, kwa anayejua kupima. Kwa hiyo soma yale maandishi madogo ya mchapishaji, ambayo mara nyingi huwa chini ya ukurasa wa kwanza wa ndani, na upime kwa rula kabla hujapima kwa pesa.

Sasa rafiki yako, ambaye nadhani ndiye aliyekukosesha usingizi zaidi. Alipokuambia "taja wewe" alikukabidhi mzigo, na si haki uubebe peke yako. Mwambie mkae pamoja. Kwanza mkubaliane hali ya kila nakala, bei isitajwe kabisa. Ni rahisi kuwa mkweli juu ya kona iliyopondeka kabla pesa haijaingia. Kisha mtazame pamoja mauzo ya karibuni, kwenye skrini moja, wote mkiona. Tuseme soko linasema 100. Yeye akiiuza mtandaoni, baada ya ada na kufungasha atabaki na 85 hivi. Wewe ukiinunua mtandaoni, na posta juu, utalipa kama 105. Kwa hiyo bei yoyote kati ya 85 na 105 inawaacha wote wawili mkiwa na nafuu kuliko mngekwenda sokoni. Nafuu hiyo ndiyo mnayogawana. Mkifunga kwenye 92 au 95, hakuna aliyempunja mwenzake. Na ikiwa moja kati ya hizo tatu ina kitu asichokijua, mhusika aliyeonekana mara ya kwanza au jalada adimu, mwambie kabla ya kutaja bei. Kubadilishana nako kunafaa, maana huenda katika maboksi ya mjomba kuna anachokitafuta yeye. Tumieni kipimo kilekile kwa pande zote mbili: kama zake mnazihesabu kwa bei ya soko, na zako ziwe hivyo, si moja kwa bei ya duka na nyingine kwa bei ya jumla.

Kuna wakati ushauri wa maandishi kama huu haufiki, na mtu anahitaji kuiona karatasi kwa macho. Ukikuta stempu ipo na kurasa zimekamilika, mpelekee mtu mwenye ujuzi aishike, tena wawili tofauti, na angalau mmoja awe hataki kuinunua. Mlipe kwa kazi yake ya kukadiria, kiasi mlichokubaliana mapema, si kwa asilimia ya thamani. Anayekadiria chini na papo hapo akatoa pochi ana maslahi yanayovutana, hata akiwa mtu mwema. Ukikuta yoyote ya kabla ya 1970, fanya vivyo hivyo kabla ya kuitangaza. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, itenge na zingine mara moja na umtafute mhifadhi wa karatasi, wale wanaofanya kazi na maktaba na makumbusho. Na kama mjomba ameacha warithi wengine, zungumza na mwanasheria au msimamizi wa mirathi kabla ya kuuza hata moja. Bei nzuri haitakusaidia ikiwa mali haijagawanywa. Popote utakapoiacha komiki mikononi mwa mtu, hata kwa saa mbili, piga picha jalada, mgongo na ukurasa wa stempu, na upewe stakabadhi yenye maelezo ya hali yake.

Mnunuzi akikupigia wiki hii, mwambie hivi: "Nashukuru. Nazitenga kwa makundi matatu na nitakuomba bei kwa kila kundi mwezi ujao." Kisha uweke simu chini, uwashe taa, ufungue ile Hulk kwenye ukurasa wa barua. Niandikie umekuta nini.